Nilipokuwa Vienna Bila Kuondoka Queensbury

Wiki niliyoambiwa nina saratani ya tezi, nilitafuta mtandaoni maandishi ya Kiswahili ya mtu aliyepitia kemo, zile dawa za saratani za kuchomwa mshipani. Si kwamba Kiingereza kinanishinda. Nimesoma chuo kikuu hapahapa London. Nilitaka kitu cha kumsomea mama. Nilipata matangazo ya mizizi inayotibu kila kitu, nikapata hotuba, nikapata mtu mmoja anayesema ugonjwa ulimfanya kuwa binadamu bora. Huyo sikumwamini, na mpaka leo simwamini. Mimi sikuwa bora. Nilikuwa na upara na hasira. Lakini nimepona, au niseme kama anavyosema daktari wangu, kwa sasa hakuna kinachoonekana. Na kwa kuwa maandishi yale sikuyapata, nimeona niyaandike mwenyewe.

Mimi ni mpiga piano. Kazi yangu ni muziki ule wa ukumbini, ulioandikwa na Wazungu waliokufa zamani, ambao watu huusikiliza kimya kabisa, hata kukohoa wanasubiri kipande kiishe. Bibi yangu alitoka Unguja baada ya Mapinduzi akiwa na mama mgongoni, na sidhani kama alipata kuota kwamba mjukuu wake atakula kwa kazi hiyo. Mama mwenyewe akiulizwa ninafanya nini hujibu "mwalimu", kwa sababu siku nyingine nafundisha watoto. Lakini mwaka ule nilikuwa nimeanza kuitwa: kumbi ndogo, makanisa yenye mwangwi mzuri, mara moja redioni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na majira ya kuchipua nilikuwa nimepangiwa tamasha la peke yangu, la kwanza ambalo tangazo lake lingekuwa na jina langu tu.

Uvimbe niliuona majani yalipoanza kupukutika, nikifunga kifungo cha shingoni cha gauni la kupigia. Hakikufika. Nikadhani ni msuli, maana mpiga piano anayekaa vibaya huvimba mahali pa ajabu. Nikabadilisha kimo cha kiti, nikavaa gauni jingine. Aliyenisukuma ni mdogo wangu Nassor, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini tangu chekechea hujibu kwa Kiingereza. Tulikuwa mezani. Akanitazama shingo, akaweka kijiko chini, akasema kwa Kiingereza chake, "Huo si msuli. Kesho nakupeleka."

Vipimo nitaviruka. Nitaanzia kwenye treni ya kurudi nyumbani, mimi na mama, siku tuliyopewa jibu. Mama hakulia. Tulipopita stesheni mbili tatu akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha kununua vitunguu, "Watu wasijue."

"Kwa nini wasijue?"

"Kwa nini, kwa nini. Tangu mdogo wewe ni kwa nini tu. Watu wana macho, mwanangu, na wana midomo. Ukishaitwa mgonjwa wa maradhi hayo, huitwi tena kingine. Na nani atakuja kukuposa?"

"Mama, nimeambiwa nina saratani, wewe unawaza posa?"

"Nawaza kesho yako. Mtu hamuwazii kesho mtu asiyekuwa nayo."

Tangu asubuhi ile watu wenye makoti meupe walikuwa wamenieleza mambo mengi kwa upole mkubwa, na hakuna hata mmoja aliyesema nina kesho.

Msomaji wa kwetu anajua kilichofuata. Sisi mtu akipata maradhi hayo huwa haugui, husafiri. Ijumaa hiyohiyo jirani alipouliza mbona sionekani, mama alijibu kwamba nimekwenda Vienna, huko Austria, nimepata msimu mzima wa kupiga piano. Sijui jina la Vienna alilitoa wapi. Labda ni miaka yote ile aliyokuwa akisikia nikilitaja na kujifanya hasikii.

Basi nikawa Vienna, bila kutoka nyumbani kwetu Queensbury. Barabara ya Kingsbury, ambako kila duka lina mtu anayemjua mama, sikuweza kukanyaga. Tukienda hospitali tulitoka kwa mlango wa nyuma. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto wa kulalia nikajifunga mtandio mkubwa mpaka kwenye nyusi, mimi niliyebishana kuhusu mtandio tangu sekondari, na mama akanitazama akasema, "Kila jambo lina kheri yake." Nikamrushia soksi. Kisha watu wakaanza kudai salamu. Mama akanilazimisha kutuma sauti kwenye simu, nikiwa jikoni nasimulia uzuri wa mji, huku Nassor amefungua bomba ili isikike kama kuna chemchemi. Wakadai zawadi. Mama akaenda dukani akatafuta chokoleti zenye maandishi ya Kijerumani, akazigawa nyumba kwa nyumba.

Na baina ya michezo hiyo kulikuwa na kemo. Kama unasubiri ya kwanza, nikwambie nililotaka kuambiwa: siku yenyewe si maumivu, ni kukaa. Unakaa kwenye chumba chenye viti vya rangi ya kijani na televisheni isiyo na sauti, unaitwa, unapimwa damu, unarudi kukaa. Kisha unakaa kwenye kiti kingine kinacholala, wanaleta dawa, moja nyekundu kama sharubati ya futari, na nesi anaisukuma polepole huku anakuuliza habari za kazi. Mabaya huja nyumbani, siku ya pili na ya tatu. Chai ilikuwa na ladha ya misumari. Harufu ya kitunguu kikikaangwa, ambayo ndiyo harufu ya nyumba yetu, ilinifanya nikimbilie chooni, na mama akaacha kukaanga. Tulikula vya kuchemsha majira yote ya baridi bila yeye kusema neno.

Aliniletea pia kombe. Ustadhi mmoja wa Rayners Lane alikuwa ameandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa marashi, na mama akalibeba kwenye chupa kama anabeba yai. Nilimuuliza maswali ninayouliza siku zote: linafanyaje kazi, nani alipima, ingekuwaje lingekuwa maji matupu? "Kunywa," alisema. Nikampigia nesi simu, nikaulizia zafarani na marashi, akasema kidogo hakidhuru. Nikanywa. Kilikuwa kitu pekee wiki ile kisichokuwa na ladha ya chuma. Sijui kilitibu nini. Nilimaliza chupa.

Siku ya kemo ya tatu mama alikuwa kazini. Yeye ni mlezi wa wazee, na likizo zilikuwa zimeanza kumwishia, kwa hiyo nilikaa peke yangu kwenye viti vya kijani. Nikasikia sauti ya mwanamke ikimuuliza nesi kwa Kiingereza cha Unguja kama sindano ya safari hii imerefushwa au ni macho yake. Sauti ile naijua tangu utoto. Nikageuka. Alikuwa Bi Shemsa, mwalimu mstaafu, ambaye hakuna maulidi wala harusi ya Wazanzibari wa kaskazini ya London inayofanyika asiwepo, na ambaye tangu miezi miwili yuko Dubai kwa mwanawe.

Nikavuta mtandio. Nikachelewa.

"Mayasa? Mayasa wa Zuwena?"

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia mtandio mpaka viatu. "Si uko Vienna wewe?"

"Na wewe si uko Dubai?"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka mpaka machozi, na wagonjwa wengine wakatutazama kama watu tuliopewa dawa isiyo yetu.

"Bibi wee," alisema akijipangusa, "Dubai mwaka huu ina baridi!"

"Na Vienna supu yao haina chumvi."

"Chokoleti zako nimekula, unajua? Mama yako kaja mwenyewe kumkabidhi mkwe wangu mlangoni. Mimi niko Dubai nyuma ya pazia. Nasikia, 'Mtoto anang'ara huko, mashallah.' Kidogo nitoke nimkumbatie."

Saratani yake ilikuwa ya titi. Tulimwomba nesi atupangie siku moja, naye akafanya hivyo, na kuanzia hapo sikuhesabu majuma, nilihesabu Bi Shemsa. Alinitania bila huruma. Nyusi zangu zilipoondoka alinichorea mpya kwa wanja, moja juu kuliko nyingine, akasema sasa nimekuwa na sura ya mtu anayeuliza swali hata nikiwa nimelala, yaani hakuna kilichobadilika.

Nimesema habari za kucheka kwanza kwa sababu zilikuwepo kweli. Sasa nitasema iliyonitisha.

Baada ya kemo ya nne nilikaa kwenye piano nikahisi nimevaa glavu. Nikatazama mikono, haikuwa na kitu. Nikabonyeza, sauti ikatoka, lakini ncha za vidole hazikupata habari. Mpiga piano hatazami vidole vyake. Kiasi cha uzito, wakati wa kuachia, tofauti ya kunong'ona na kusema, yote hayo huamuliwa kwenye ngozi isiyozidi ukubwa wa punje ya mahindi. Ngozi ile ilikuwa imezimika. Jioni ile nilishindwa kufunga kifungo cha blauzi, na nikaketi kitandani nimekishika kifungo ambacho sikihisi.

Nilimwambia daktari. Ni mtu mwaminifu, namshukuru kwa hilo kuliko kwa jingine lolote. Alisema ni moja ya zile dawa, kwamba anaweza kuipunguza, na kwamba akiipunguza mapema hatakuwa na uhakika uleule. Nilimuuliza ganzi itaondoka? Mara nyingi huondoka. Yote? Hajui. Lini? Hajui. Nikamuuliza kama ungekuwa wewe? Akafikiri, kisha akasema yeye hapigi piano, kwa hiyo jibu lake halinifai.

Nyumbani mama hakuona kuna la kuamua. "Wachome dawa yote. Mikono utaipatia kazi nyingine. Shingo unayo moja."

"Kazi gani nyingine?"

"Unafundisha. Watu wanaishi, Mayasa. Maisha kwanza."

"Maisha yapi, mama? Wewe unataka nibaki hai nikae kwenye kochi tu?"

"Ndiyo!" alisema. "Kwenye kochi! Nikutoe vumbi kila siku!" Akaingia jikoni akafunga mlango. Tulimsikia akiosha sufuria iliyokuwa safi. Nassor, aliyekuwa kwenye ngazi, alinitazama akasema, "Mama anaogopa." Alilisema kwa Kiswahili, kwa lafudhi mbaya sana, na hasira yangu ikakosa pa kushika.

Nikaamua kuendelea na dawa kamili mpaka picha ya mwili inayopigwa katikati ya matibabu, kisha kama picha ni nzuri ipunguzwe. Sikuamua kwa ujasiri. Watu huandika "nilipambana". Mimi sikupambana na mtu, nilikaa kwenye kiti nikachomwa. Niliamua kwa sababu maiti haina matumizi ya ncha za vidole, na hoja hiyo nimeigeuza kila upande bila kuona kasoro. Tamasha la kuchipua nikalifuta kwa simu. Mwenye kanisa ambamo lingefanyika akasema watanisubiri mpaka majani yapukutike tena. Sikumwambia kwamba huenda hakuna cha kusubiriwa.

Picha ikawa nzuri, dawa ikapunguzwa. Na Bi Shemsa akachoka kuwa Dubai.

"Jumamosi narudi," aliniambia kwenye viti vya kijani. "Nimechoka kujificha nyuma ya pazia langu mwenyewe. Jana wamekuja watu kumwona mkwe wangu kajifungua, kucheka nao nataka, natamani maandazi yao, nimekaa chooni. Nimewazika waume na wazazi wa watu mimi. Kwa nini wasije kunitazama? Wewe unarudi lini?"

Mama alipopata habari hizo alikasirika kwa siku nzima. Kisha akaketi akasema taratibu, "Shemsa? Shemsa naye?" Akavaa baibui lake akaenda kumtazama, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na hakusema tena habari za Vienna.

Siri ikawa imetoka, na wote waliokula chokoleti walikuja Jumapili. Walikuja Jumatatu. Unguja kumtazama mgonjwa ni haki ya mgonjwa, si hisani, na walikuwa na miezi mitano ya deni. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji aliyetafutwa mpaka kwenye bucha ya Wasomali, mkate wa kumimina. Sitaipamba hali hiyo. Mmoja alilia juu yangu kama nimekwisha kufa, mwingine alinieleza habari za shangazi yake aliyekuwa na maradhi hayohayo na hakupona. Nikapewa dawa tatu za kunusa. Nilitamani wote watoke. Kisha nikaenda kutafuta maji nikamkuta mama amelala kwenye kiti cha jikoni, mdomo wazi, huku wanawake watatu wanaosha vyombo vyake kwa kunong'ona wasimwamshe. Tangu siku ya treni sikuwa nimemwona amelala. Nilirudi kitandani nikawaacha wakae wanavyotaka.

Kemo ya mwisho ilikuwa kiangazi, siku ya jua. Bi Shemsa alikuwa ameshamaliza zake na alikuja tu kunichunga, amevaa miwani ya jua ndani ya wadi. Nywele zilirudi na mawimbi ambayo sikuwa nayo. Chai ikarudi kuwa chai. Mama akakaanga kitunguu, akasimama ananitazama mlangoni, nami nikabaki mezani.

Ganzi ilitoka polepole, kama maji yanavyoacha ufuko, na haikutoka yote. Mkono wa kulia ulirudi. Wa kushoto ulirudi vidole vitatu. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilibaki vimelala, na hivyo viwili ndivyo vinavyobeba sauti nzito za chini ambazo kila kitu kingine husimama juu yazo. Nilifanya mazoezi kwa masikio, nikisikiliza kidole kimefanya nini badala ya kukihisi. Inawezekana. Ni kama kutembea ukitazama miguu yako. Swali nililokuwa nalo si kama ninaweza kupiga, ni kama ninaweza kupiga maisha yangu yote namna hiyo, na hilo halikuwa na wa kuulizwa.

Wewe unayesoma hivi kwenye viti vya kijani vya hospitali yako, sina busara ya kukupa. Uliza kila swali, na ukijibiwa "sijui" shukuru, maana wengi wangekudanganya. Kula kinachokaa tumboni. Na mtafute mtu wa kucheka naye ambaye naye amechomwa. Mimi hushukuru kila siku, jambo linalonisumbua, kwa sababu sina hakika namshukuru nani. Nilimwambia mama hivyo. Akasema, "Wewe shukuru tu. Kufika itafika."

Majani yalipopukutika nikaenda kanisani. Nilizikuta safu mbili za mbele zimejaa mabaibui, mitandio ya rangi na harufu ya udi, na nyuma yao wazee wa Kiingereza waliozoea kuja, wakivuta hewa kwa mshangao wa adabu. Mama alikaa katikati, mkono juu ya mkono. Hakuwa amewahi kuja kunisikiliza tangu nilipomaliza shule.

Nilipiga kipande cha kwanza, wakapiga makofi mapema, na mbaya zaidi vigelegele. Nikaingia kwenye kipande cha polepole, ambamo mkono wa kushoto hurudia sauti mbili za chini, tena na tena, kwa upole mkubwa sana. Ndicho nilichokuwa nakiogopa. Katikati yake nikasikia benchi likilia na hatua za mtu anayetembea kwa mwendo wa ngoma.

Kwetu, kwenye taarabu, mwimbaji akikugusa hukai. Unainuka, unakwenda kwa madaha mpaka mbele, unamtunza kwa noti, unarudi. Bi Shemsa alikuwa anakuja kunitunza. Alikuja akiyumba taratibu, akaupunga mkono mara mbili juu ya kichwa changu chenye nywele mpya, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kazini akaiweka noti ukingoni mwa piano, upande wa kushoto. Noti za siku hizi ni za plastiki. Ikateleza, ikaangukia kwenye sauti za chini, na kidole changu cha mwisho kikashuka juu yake.

Kilikuwa kitu chembamba, baridi, laini kuliko kinachopaswa kuwa pale. Na kilikuwa na ukingo.

Sidai muujiza. Huenda kidole kilikuwa kimeanza kurudi siku nyingi, na mimi kwa kukisikiliza tu nikaacha kukiuliza. Najua pia kwamba hakijarudi chote hata leo. Lakini pale niliujua ukingo ule kwa ngozi kabla ya kuujua kwa sikio. Niliendelea kupiga, maana mtu hasimami katikati, na zamu ya sauti ile ilipofika tena sikuisukuma noti pembeni. Nilishuka juu yake polepole, nikahisi tena.

Nilipoinua macho, Bi Shemsa alikuwa anarudi kwenye benchi lake kwa madaha yaleyale, na mama alikuwa ameshainuka, anapita mbele ya magoti ya watu, anakuja.